Cheti juu ya jukwaa: nani alikagua majukwaa ya ujenzi miaka ya 1900?

Swali la msomaji: Mimi ni msimamizi wa saiti ya ghorofa nne hapa Dodoma. Mkandarasi wetu ametundika ofisini ile picha ya mafundi wa New York waliokaa juu ya chuma wakila chakula cha mchana, mji wote uko chini ya miguu yao. Kila nikimwomba mbao za ukingo au muda wa kuangalia jukwaa, ananionyesha picha. Anasema wale walijenga bila mkaguzi na bila kadi, na majengo yamesimama mpaka leo. Je, ni kweli enzi hizo serikali haikujishughulisha na majukwaa? Kadi ya kutundika kwenye jukwaa ilianzia wapi? Na kwa nini nijaze daftari kila wiki wakati mkaguzi wa serikali ameshapita?

Jibu:

Ndugu msimamizi, mkandarasi wako amekosea kwa karibu nusu karne. Picha hiyo ilipigwa Septemba 1932 kwenye jengo la RCA, Rockefeller Center, tena ilipigwa makusudi ili kulitangaza jengo. Wakati huo sheria ya jimbo la New York iliyomkataza mwajiri kumpandisha mtu kwenye jukwaa bovu ilikuwa imetimiza miaka 47. Fundi wa miaka arobaini aliyepanda chuma siku ile alizaliwa akaikuta.

Na hoja ya kwamba majengo yamesimama haina uzito. Jengo kusimama hakukwambii nani alianguka likijengwa. Empire State Building, lililofunguliwa mwaka 1931 katika mji huohuo, hesabu yake rasmi ni vifo vitano, nalo husifiwa kwa kasi na mpangilio mzuri wa kazi.

Hata hivyo kuna nusu ya maneno yake yenye ukweli, na ndiyo nusu inayokuhusu wewe. Sheria ilikuwepo; mkaguzi ndiye aliyekuwa haba. Mwaka 1886 New York ilipoajiri mkaguzi wake wa kwanza wa viwanda, alikuwa mtu mmoja na naibu mmoja kwa jimbo zima, na kazi waliyopewa ilikuwa kuwasaka watoto walioajiriwa viwandani. Majukwaa yaliongezwa baadaye kwenye mzigo wa ofisi hiyo. Idadi ya wakaguzi ilikua, lakini hakuna serikali iliyowahi kuwa na watu wa kutosha kusimama chini ya kila jukwaa. Ndiyo maana swali lako la tatu, la daftari, ndilo kubwa kuliko mengine, nami nitalifikia kwa kuzunguka kidogo.

Kwanza tulitazame jukwaa lenyewe, maana ukilifikiria kwa mabomba ya chuma hutaelewa waliogopa nini. Mwaka 1900, London au New York, jukwaa la mwashi lilikuwa la miti. Mirunda mirefu ilisimamishwa wima, mingine ikalazwa kando ya ukuta, na mifupi ikakatiza kutoka kwenye ile iliyolazwa hadi ukutani. Juu yake zikapangwa mbao. Kwa ukuta wa tofali walitumia safu moja tu ya mirunda ya wima, na ncha ya ndani ya ile mifupi iliingizwa kwenye tundu lililoachwa ukutani, likazibwa wakati wa kushuka. Kwa ukuta wa mawe ya kuchongwa hawakutaka matundu, hivyo walisimamisha safu mbili, jukwaa likajitegemea. Penye barabara ya mawe isiyochimbika, mguu wa mrunda uliwekwa ndani ya pipa lililojazwa udongo.

Viungo vyote vilikuwa kamba, na hapo ndipo penye hatari. Kamba ya katani ikilowa hujikaza, ikikauka hulegea. Fundi alifunga asubuhi yenye ukungu, mchana jua likawaka, na fundo lililokuwa kama chuma likaanza kucheza. Dawa ilikuwa kupigilia kabari za mbao kati ya kamba na mti, kisha kuzipitia na kuzigonga tena kila hali ya hewa ilipobadilika. Asiyezigonga hakuonekana kuwa na kosa lolote. Jukwaa lilibaki vilevile machoni mpaka siku saidia fundi alipopanda na mzigo wa tofali begani. Bomba za chuma zenye vibano zilianza kuenea baada ya Mwingereza Daniel Palmer-Jones kubuni kibano chake, na kazi iliyompa jina ilikuwa ukarabati wa Buckingham Palace mwaka 1913. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye kwenye saiti ndogo, maisha ya mtu yalishikwa na fundo.

Sasa sheria. Ile ya New York ya mwaka 1885 ilisema kwamba anayemwajiri mtu kujenga, kukarabati au kupaka rangi nyumba, akampa jukwaa, ngazi au kapi lisilofaa kwa kujua au kwa uzembe, ametenda kosa la jinai. Ukiisoma haraka unaona ni kali. Isome tena: kwa kujua au kwa uzembe. Nani atathibitisha kwamba mkandarasi alijua? Shahidi mkuu yuko kaburini, na waliobaki wanataka kazi kesho.

Mwaka 1897 jimbo likakusanya sheria zake za kazi pamoja, na maneno hayo ya kujua na uzembe yakaondolewa. Ikabaki amri tupu: mwajiri asitoe wala asisimamishe jukwaa ambalo si salama, ambalo halikujengwa na kuwekwa kwa namna ya kulinda uhai na viungo vya mtu. Hapakuwa na neno juu ya alichojua mwajiri. Tena zikaja namba, jambo ambalo mimi hulipenda katika sheria yoyote ya ujenzi, kwa sababu namba hupimwa kwa futi kamba na haibishani. Jukwaa la juu ya futi 20, yaani kama mita 6, lazima liwe na reli ya mbao iliyofungwa kwa bolti, yenye kimo cha inchi 34 kutoka mbao za kukanyagia, ikizunguka upande wa nje wote na ncha zote mbili. Inchi 34 ni kama sentimita 86; mtu mrefu inamfika kwenye nyonga, hivyo leo wengi tunaiweka juu zaidi. Jukwaa lolote, la kusimama au la kuning'inia, liweze kubeba mara nne ya uzito mkubwa kabisa utakaowekwa juu yake. Na kwenye la kuning'inia, lile la wapaka rangi, wasipande zaidi ya watu wanne kwa wakati mmoja. Kwenye fremu za chuma, sakafu ambayo kazi inaendelea juu yake itandikwe mbao.

Hiyo ya mara nne ingali hai. Kanuni za shirikisho la Marekani za leo zinadai jukwaa libebe uzito wake lenyewe na mara nne ya mzigo uliokusudiwa. Mainjinia wamebadilisha vifaa, wamebadilisha hesabu, kipimo kimebaki kilekile.

Kadi yako ina ndugu wa zamani katika sheria hiyohiyo. Ilisema hivi: malalamiko yakifika kwa mkuu wa ukaguzi wa viwanda kwamba jukwaa fulani si salama, lazima atume mtu mara moja akalikague. Mkaguzi akiona ni hatari anapiga marufuku lisitumike, anampa mhusika ilani ya maandishi, kisha anabandika cheti kwenye jukwaa lenyewe kikieleza kwamba amelichunguza na ameliona ni salama au si salama. Likitakiwa kubomolewa au kurekebishwa, mhusika ndiye mwenye wajibu wa kufanya hivyo. Sisemi kwamba kadi za kijani (salama) na nyekundu (usipande) unazoziona leo zimetokana moja kwa moja na karatasi ile. Wazo lake ndilo hilohilo: habari ya jukwaa ikae palepale anapopandia fundi, isifungiwe kwenye faili ofisini. Mtu anayeweka mguu kwenye ngazi aisome kabla mguu wa pili haujafuata.

Umeona mlango wa utaratibu ule uko wapi? Ni malalamiko. Bila mlalamikaji hakuna mkaguzi. Na mlalamikaji angekuwa nani? Aliyejua hali ya kamba ni aliyeikanyaga, naye alilipwa kwa siku, mara nyingi alikuwa mhamiaji wa juzi tu, na nyuma ya uzio walisimama wengine wakisubiri nafasi yake. Penye chama imara cha wafanyakazi, mjumbe wa chama alilalamika kwa niaba yao, na huko sheria ilifanya kazi. Penye vibarua wa kuokotwa, ilikuwa kimya. Kwa maoni yangu hili ni kosa la msingi la sheria nyingi za ukaguzi za wakati ule na hata za sasa: zinamtegemea mtu dhaifu kuliko wote awe wa kwanza kusema.

Kilichowashtua wakandarasi wa New York hakikuwa mkaguzi. Kilikuwa hukumu. Mwaka 1900 Mahakama ya Rufani ya jimbo, katika kesi ya Stewart dhidi ya Ferguson, iliangalia maneno yaliyoondolewa mwaka 1897 ikasema kuondolewa kwake kuna maana. Mwajiri sasa ana wajibu wa moja kwa moja. Jukwaa likivunjika katika matumizi ya kawaida, kuvunjika kwenyewe ni ushahidi dhidi yake mpaka atoe maelezo.

Ili uone uzito wa hukumu hiyo, ujue ilivyokuwa kabla. Mwajiri alikuwa na kinga tatu mkononi. Ya kwanza, fundi alijua kazi ni ya hatari na akaikubali. Ya pili, fundi mwenyewe alichangia uzembe. Ya tatu ndiyo iliyowaua watu wa majukwaa: kosa ni la mfanyakazi mwenzako, si la bosi. Jukwaa hufungwa na mafundi wenyewe, sivyo? Basi bosi akisema, mimi niliwapa miti mizima na kamba nzima, wao ndio waliofunga vibaya, alikuwa ametoka. Mjane aliambiwa adai kwa yule kibarua aliyefunga fundo, ambaye pengine alianguka pamoja na marehemu. Sheria ya 1897 ilikata mzizi huo kwa kusema kwamba jukwaa salama ni deni la mwajiri, na deni hilo hawezi kulitupia mikono ya wengine. Kinga ya uzembe wa fundi mwenyewe ilidumu zaidi. New York iliizika kwa upande wa majukwaa mwaka 1948, katika kesi ya Koenig.

Kati ya hapo kulikuwa na zogo lingine. Mwaka 1910 jimbo lilitunga sheria ya fidia kwa kazi nane zilizohesabiwa kuwa za hatari zaidi, na mojawapo ilikuwa kazi juu ya jukwaa la futi 20 na kuendelea. Tarehe 24 Machi 1911 Mahakama ya Rufani ikaibatilisha kwa hoja kwamba kumlipisha mwajiri asiye na kosa ni kumnyang'anya mali. Kesho yake, tarehe 25, kiwanda cha nguo cha Triangle kikaungua, watu 146 wakafa, wengi wao wasichana. Hukumu ile haikuhusu moto, wala moto haukuhusu majukwaa, ila mambo hayo mawili kufuatana siku mbili kuliwatoa watu usingizini. Tume ya uchunguzi wa viwanda ikaundwa, katiba ya jimbo ikarekebishwa mwaka 1913, na fidia ikaanza kufanya kazi mwaka 1914. Mwaka 1921 vifungu vya majukwaa vilipewa namba mpya, 240 na 241, na kwa namba hizo wanasheria wa New York wanavijua mpaka leo. Wakandarasi wa huko wangali wanalalamika kwamba bima ni ghali kwa sababu ya kifungu 240. Jimbo la Illinois nalo lilikuwa na cha kwao tangu mwaka 1907, likakifuta mwaka 1995.

Uingereza walikwenda njia yao, na ukinivumilia nitakusimulia, maana humo mna kichekesho kichungu. Sheria ya fidia ya mwaka 1897 haikuwahusu wajenzi wote. Iliwahusu waliokuwa kwenye jengo linalozidi futi 30, linalojengwa au kukarabatiwa kwa kutumia jukwaa, au linalobomolewa, au lenye mashine ya mvuke. Futi 30 ni kama mita 9. Mara moja kukazuka kesi. Ikiwa jengo limechorwa liwe futi 50, lakini siku fundi anaanguka ukuta umefika futi 25, je, analipwa? Mahakama katika kesi ya Billings dhidi ya Holloway ikasema hapana: kinachoangaliwa ni urefu siku ya ajali. Ukianguka mapema mno, umeanguka bure. Halafu jukwaa lenyewe ni nini? Mbao mbili zilizolazwa juu ya vigoda vya mbao ndani ya chumba, ni jukwaa? Ngazi je? Majaji waliosoma Kilatini walikaa kubishana juu ya mbao za mpaka rangi, hadi kwenye Baraza la Malordi, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya rufani huko. Mwaka 1906 Bunge likachoka likatunga sheria mpya isiyotaja futi wala jukwaa. Ikawahusu karibu wafanyakazi wote.

Upande wa ukaguzi, wakaguzi wa viwanda wa Uingereza walikuwepo tangu mwaka 1833, lakini sheria yao ya mwaka 1901 iliwapeleka kwenye saiti hasa pale palipotumika mashine ya mvuke au nguvu nyingine ya mitambo. Jukwaa la mirunda na kamba linalolishwa kwa mabega ya vibarua lilikuwa nje ya macho yao. Fikiria: winchi ya mvuke chini ina mkaguzi, mirunda juu haina. Kanuni mahsusi za ujenzi zilikuja mwaka 1926.

Ujerumani waliliona jambo hili mapema kuliko wote na kwa jicho la mhasibu. Tangu miaka ya 1880 waajiri wa kila sekta walilazimishwa kuchangia mfuko wa bima ya ajali, na mifuko hiyo ikatunga kanuni zake za usalama na kutuma wakaguzi wake. Anayelipa ajali ndiye anayekuja kuangalia kamba. Sisi tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, chini ya sheria ya mwaka 2008, na ukitaka kumwelewa ni vema ukakumbuka kwamba babu yake wa mbali ni huyo.

Waliokwenda karibu zaidi na unachokiita wewe ukaguzi wa serikali ni New Zealand. Mwaka 1906 walitunga sheria iliyobeba ukaguzi wa majukwaa katika jina lake, na mwaka 1922 wakaiunganisha na uchimbaji wa misingi, kwa sababu waligundua watu wanakufa kwenda chini kama wanavyokufa kwenda juu. Tofauti yao na New York ni moja, nayo ni kubwa. Mkandarasi alitakiwa kumpa mkaguzi taarifa kabla. Mkaguzi hakungoja mtu alalamike. Alijua jukwaa litasimamishwa wapi na na nani, akapanga safari yake. Kibarua hakulazimika kuwa shujaa. Jimbo la New South Wales, Australia, nao walikuwa na sheria yao ya majukwaa na lifti tangu mwaka 1902.

Sasa tufike kwenye daftari lako. Hata New Zealand mkaguzi aliliona jukwaa siku moja. Aliondoka, na kesho yake fundi akatoa mirunda miwili ili apitishe kizingiti cha dirisha. Kesho kutwa mbao tatu zikahamishiwa upande wa pili. Cheti kikabaki pale kinasema salama. Hapo utaona kwamba tatizo halikuwa uvivu wa mkaguzi wala rushwa, ingawa hayo nayo yapo. Tatizo ni kwamba jukwaa hubadilika kila siku. Boila ukiikagua Januari, Machi ni boila ileile. Jukwaa ulilolikagua Jumatatu, Alhamisi ni jingine.

Ndipo Waingereza wakahamisha kazi. Kanuni zao za ujenzi za mwaka 1948 zilidai jukwaa lisitumike mpaka liwe limekaguliwa na mtu mwenye ujuzi ndani ya siku saba zilizotangulia, na tena baada ya hali ya hewa inayoweza kulidhoofisha, na matokeo yaandikwe na kusainiwa. Mtu huyo hatoki serikalini; ni wa saiti. Mkaguzi wa serikali akija, anaanza na daftari, kisha anapanda kuona kama daftari linasema kweli. Siku saba hizo zilisafiri pamoja na sheria za kikoloni. Kenya wanazo kwenye kanuni zao za ujenzi za mwaka 1984, zilizotungwa chini ya sheria ya viwanda iliyoanzia enzi za Mwingereza. Kwetu Tanganyika sheria ya viwanda ilikuja mwaka 1950, ikakaa mpaka ilipofutwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Kwa hiyo anayekwambia daftari ni urasimu wa juzi, mwambie ni mkongwe kuliko uhuru.

Na jibu la mkaguzi ameshapita ni hili: alipita, akaona jukwaa la siku ile. La leo umeliona wewe.

Niliulizwa na mtu mwingine kama daftari linamlinda fundi au linamlinda mkandarasi. Linaweza kufanya yote mawili, kutegemea linavyojazwa. Nimeona madaftari yenye neno "sawa" kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kalamu moja, wino mmoja, dhahiri yamejazwa kwa mkao mmoja. Hilo ni hatari kuliko kutokuwa nalo, maana ajali ikitokea linathibitisha kwamba aliyesaini hakupanda. Andika ulichokiona: mguu wa tatu kutoka kona ya kaskazini umezama kidogo, tumeweka ubao chini, kibano kimoja cha ghorofa ya pili kimebadilishwa, ukingo wa upande wa barabara ulitolewa kupitisha nondo, umerudishwa saa nane. Ukurasa wa namna hiyo hata mahakama ya Stewart na Ferguson ingeusoma kwa heshima.

Uanze na ile hesabu ya mara nne, kwa sababu ndiyo itakayokupa mbao kutoka kwa mkandarasi wako kuliko hotuba yoyote. Chukua nafasi moja ya jukwaa, kati ya mguu na mguu. Wakati wa kujenga, juu yake kuna mafundi wawili na saidia fundi mmoja: kilo 210. Tofali za saruji za inchi 6, tuseme ishirini zimepangwa kusubiri. Tofali moja tuseme kilo 25, ila lenu lipimeni, msifuate langu. Hizo ni kilo 500. Makarai mawili ya mota, kilo 60. Jumla kilo 770. Mara nne: kilo 3,080. Zaidi ya tani tatu kwenye nafasi moja. Mwulize mkandarasi kama mirunda yake ya mkaratusi, iliyofungwa kwa waya na misumari, anaiamini kwa tani tatu. Akisita, una njia mbili: imarisha jukwaa, au punguza tofali zinazopandishwa kwa mara moja ziwe nane, upandishe mara nyingi zaidi. Njia ya pili haina gharama ya mbao hata moja, inakula muda tu, na mara nyingi ndiyo wanayoikubali kwanza.

Ukingo usiukubali chini ya sentimita 90, na chini yake weka ubao wa kuzuia tofali zisidondoke, kwa sababu kwenye saiti za mjini anayepigwa na tofali mara nyingi hana habari hata kwamba kuna ujenzi. Kadi ya jukwaa itundikwe kwenye ngazi, si ofisini, na iwe na tarehe ya ukaguzi wa mwisho na jina la aliyekagua. Fundi akitaka kutoa kipande chochote cha jukwaa ili apitishe kitu, kadi ya kijani itolewe kwanza na irudi baada ya wewe kupanda. Hilo la mwisho ndilo litakalokugombanisha na watu wiki ya kwanza. Wiki ya pili watakuwa wanakuita wenyewe.

Kuhusu nani asaini: asisaini mkandarasi asiyepanda, wala fundi mkuu anayelipwa kwa idadi ya tofali, kwa kuwa huyo kila dakika ya ukaguzi inamtoka mfukoni. Saini wewe, au mtu mmoja uliyemfundisha na anayelipwa kwa siku. Siku mvua kubwa ya Dodoma inapopiga usiku, asubuhi yake usisubiri zile siku saba ziishe. Pandeni kabla ya mafundi, mkague miguu yote kwenye udongo uliolowa, kisha andikeni tarehe hiyo kama ukaguzi mpya.